Kwa Nini Dawa ya Kukojosha Hupoteza Nguvu kwa Mgonjwa wa Moyo?

Mgonjwa ambaye moyo wake umedhoofika huanza kwa kuvimba miguu. Kwanza viatu humbana jioni, kisha uvimbe hupanda hadi magotini, tumbo hujaa, na hatimaye hawezi kulala chali usiku ila kwa kuegemea mito miwili au mitatu, kwa maana akijilaza pumzi humkatika. Akipewa dawa ya kukojosha iitwayo furosemidi, aghalabu hupata nafuu ya haraka. Hukojoa kwa wingi kwa muda wa saa 6 hivi, uvimbe hupungua siku baada ya siku, na usingizi humrudia. Lakini wapo wagonjwa ambao nafuu hiyo haiwajii, au huwajia kisha ikatoweka. Dawa ni ile ile, kipimo ni kile kile au hata kimeongezwa, lakini mkojo ni haba na uzito wa mwili haushuki. Madaktari huiita hali hiyo usugu dhidi ya dawa za kukojosha.

Neno usugu laweza kumpotosha msomaji aliyezoea kulisikia katika habari za malaria au kifua kikuu. Huko, usugu ni wa vijidudu vilivyojifunza kuishi na dawa. Hapa hapana kijidudu wala adui yeyote kutoka nje. Viungo vinavyoishinda dawa ni figo za mgonjwa mwenyewe, nazo huishinda kwa kutimiza kazi ile ile ambayo ziliumbiwa, yaani kuulinda mwili usipungukiwe na chumvi na maji. Anayetaka kuelewa kwa nini dawa imeshindwa hana budi kwanza aelewe figo zinajaribu kufanya nini.

MOYO ULIODHOOFIKA, FIGO ZILIZODANGANYIKA

Moyo ni pampu yenye pande mbili. Upande wa kulia hupokea damu kutoka mwilini na kuipeleka mapafuni. Upande wa kushoto huipokea kutoka mapafuni na kuisukuma mwilini kote. Mtu mzima akiwa ametulia, moyo wake husukuma lita 5 hivi za damu kila dakika, na kati ya moja ya tano na robo ya damu hiyo huelekea kwenye figo. Moyo unaposemwa kuwa umeshindwa, haina maana kwamba umesimama. Maana yake ni kwamba hauwezi tena kusukuma damu kwa kadiri ya mahitaji ya mwili, au unaweza kufanya hivyo tu baada ya shinikizo ndani yake kupanda kupita kiasi.

Sababu za moyo kudhoofika ni nyingi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012, uliowahusu wagonjwa 1,006 waliolazwa katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba shinikizo la juu la damu ndilo lililoongoza, likiwa chanzo kwa karibu wagonjwa 45 katika kila 100. Nyuma yake walikuwapo wale wenye udhaifu wa misuli ya moyo na wale ambao vali za moyo ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi waliyoipata utotoni. Wastani wa umri wa wagonjwa hao ulikuwa miaka 52. Huo ni umri wa mtu ambaye bado analima, anafundisha, anafanya biashara na kusomesha watoto.

Sasa damu inapofika kidogo katika ateri, vihisio vilivyomo ndani ya mishipa na ndani ya figo hutoa habari kwamba shinikizo limepungua. Figo hazina macho ya kuiona miguu iliyovimba. Kwao, habari hiyo ina maana moja tu: mwili umepoteza damu, au umekauka kwa kiu. Basi hutoa kimeng'enya kiitwacho renini, ambacho huanzisha mfululizo wa mabadiliko unaozalisha angiotensini na kisha homoni ya aldosteroni. Angiotensini huibana mishipa. Aldosteroni huziamuru figo zishike sodiamu. Wakati huo huo neva za mfumo wa huruma huamshwa, na ubongo hutoa homoni nyingine inayozuia maji yasipotee katika mkojo.

Kwa mtu aliyejeruhiwa akavuja damu, au aliyepotea nyikani bila maji, mpango huo huokoa maisha. Kwa mgonjwa wa moyo ni msiba, kwa kuwa yeye hakupungukiwa na maji. Maji yamemzidi, ila yamekaa mahali pasipofaa. Kila lita inayoshikwa na figo huongeza mzigo katika vena, na kutoka huko maji huchujika na kuingia miguuni, tumboni na mapafuni.

Liko jambo la pili. Damu hupita katika figo kwa sababu shinikizo la ateri inayoingia ni kubwa kuliko lile la vena inayotoka. Vena zikijaa, tofauti hiyo hupungua, na figo hufanya kazi kwa shida hata kama moyo bado unasukuma damu ya kutosha. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu wagonjwa waliolazwa kwa udhaifu mkubwa wa moyo ulionyesha kwamba kujaa kwa vena kulihusiana na kuharibika kwa kazi ya figo zaidi kuliko upungufu wa damu iliyosukumwa. Hivyo maji yaliyozidi huzizuia figo zisiyatoe maji hayo hayo.

HESABU YA CHUMVI

Watu wengi hudhani kwamba dawa ya kukojosha hutoa maji. Kwa hakika hutoa chumvi, na maji huifuata. Hesabu ndogo itaonyesha ukubwa wa kazi hiyo.

Figo mbili za mtu mzima mwenye afya huchuja kiasi cha lita 180 za majimaji ya damu kila siku. Kila lita ina sodiamu ya kadiri ya milimoli 140. Ukizidisha utapata milimoli 25,200. Kama sodiamu hiyo yote ingekuwa katika umbo la chumvi ya mezani, ambayo moli yake moja ina uzito wa gramu 58.5, uzito wake ungekaribia kilo moja na nusu. Mtu anayekula gramu 9 za chumvi kwa siku, na ambaye mwili wake hauongezeki wala haupungui, anapaswa kutoa gramu 9 tu kati ya kilo hiyo moja na nusu. Nyingine yote, zaidi ya asilimia 99, lazima irudishwe katika damu.

Kazi ya kurudisha hufanywa na mirija midogo iliyomo katika nefroni, na kila figo ina nefroni zipatazo milioni moja. Sehemu ya kwanza ya mrija hurudisha kama theluthi mbili za sodiamu iliyochujwa. Sehemu inayopanda ya kitanzi cha Henle, kilichopewa jina la mwanaanatomia Mjerumani Jakob Henle, hurudisha kama robo. Sehemu ya mbali ya mrija hurudisha asilimia 5 hadi 7, na mirija ya kukusanyia mkojo humalizia asilimia chache zilizobaki.

Uhusiano wa chumvi na maji nao unapimika. Lita moja ya maji yenye gramu 9 za chumvi hukaribiana kwa ukolezi na majimaji ya mwili. Ndiyo maana chupa za maji ya chumvi zinazotumika hospitalini hutengenezwa kwa kipimo hicho. Kwa hiyo gramu 9 za chumvi zikibaki mwilini, hubaki na lita moja ya maji, na lita moja ya maji ni kilo moja. Mgonjwa anayebakiza gramu 3 tu kila siku ataongezeka kilo moja kwa siku tatu, hata kama hakula zaidi ya kawaida yake. Mwalimu anaweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa mizani ya maabara na chupa ya lita moja.

DAWA ZILIVYOPATIKANA

Mwaka 1919, mjini Vienna, mwanafunzi wa udaktari Alfred Vogl alishuhudia jambo lisilotarajiwa. Mgonjwa wa kaswende aliyedungwa dawa yenye zebaki alianza kukojoa kwa wingi mno, na wauguzi waliokuwa wakipima mkojo wake waliweka takwimu zilizothibitisha hivyo. Kwa zaidi ya miaka 30 baadaye, sindano za zebaki zilitumika kuwatoa maji wagonjwa wa moyo, ingawa zebaki yenyewe ni sumu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ilipatikana klorothiazidi, ya kwanza katika kundi la thiazidi, ambayo mgonjwa aliweza kuimeza na haikuwa na zebaki. Kisha, katika miaka ya 1960, ikaja furosemidi, iliyotengenezwa katika maabara za Hoechst nchini Ujerumani. Thiazidi hufanya kazi katika sehemu ya mbali ya mrija, ambako sodiamu iliyobaki ni kidogo. Furosemidi hukizuia kitanzi cha Henle, ambacho hurudisha robo nzima. Ndiyo sababu ina nguvu nyingi, na ndiyo sababu imebaki kuwa dawa ya kwanza kwa mgonjwa aliyejaa maji.

SAFARI NDEFU YA KIDONGE

Furosemidi haifanyi kazi mara tu imezwapo. Ina safari ya kupita, na inaweza kukwama katika kila kituo.

Kituo cha kwanza ni utumbo. Kwa wastani nusu tu ya furosemidi iliyomezwa huingia katika damu, lakini wastani huo huficha tofauti kubwa: kwa baadhi ya watu ni asilimia 10, kwa wengine karibu yote. Mgonjwa aliyejaa maji, ukuta wa utumbo wake nao umevimba. Dawa huingia polepole, na ingawa jumla yake huenda isipungue sana, kilele chake katika damu hushuka. Hii ndiyo sababu mgonjwa ambaye vidonge havikumsaidia nyumbani huweza kukojoa vizuri akipewa dawa hiyo hiyo kwa sindano ya mshipa.

Kituo cha pili ni damu. Zaidi ya asilimia 95 ya furosemidi hushikamana na protini ya albumini, kwa hiyo haiwezi kuchujwa pamoja na maji. Lazima ibebwe na damu hadi kwenye kuta za sehemu ya kwanza ya mrija, na huko seli maalumu huivuta kutoka katika damu na kuitoa ndani ya mrija. Damu inayofika figoni ikiwa kidogo, dawa inayofika nayo ni kidogo. Figo zikiwa zimeharibika, uchafu uliorundikana katika damu hugombea mlango huo huo na dawa.

Kituo cha tatu ni kitanzi chenyewe. Katika sehemu yake inayopanda imo protini inayobeba kwa pamoja ioni moja ya sodiamu, moja ya potasiamu na mbili za kloridi. Furosemidi huishika protini hiyo kutoka upande wa ndani ya mrija, si kutoka upande wa damu. Kwa hiyo dawa iliyo tele katika damu si lazima iwe dawa iliyo kazini. Kinachohesabiwa ni ile iliyofika ndani ya mkojo.

KAMBA NA KISIMA

Kutokana na safari hiyo, furosemidi ina tabia ambayo huwachanganya wengi. Chini ya kiwango fulani haifanyi lolote. Ikishavuka kizingiti hicho nguvu yake hupanda kwa haraka. Kisha hufika upeo ambao hauongezeki tena hata dawa ikizidishwa.

Kisima chenye kina cha pima tano hakichotwi kwa kamba ya pima tatu. Aliyeshusha ndoo mara tatu kwa kamba hiyo hakushusha pima tisa. Ameshusha pima tatu mara tatu, na kila mara ndoo imerudi kavu. Vivyo hivyo, ikiwa miligramu 40 hazikivuki kizingiti cha mgonjwa fulani, kumpa miligramu 40 mara tatu kwa siku si sawa na kumpa kipimo kimoja kinachokivuka. Kwa upande mwingine, kamba ya pima kumi haileti maji mengi kuliko ya pima tano, kwa kuwa ndoo ni ile ile moja. Kipimo kilichovuka upeo huongeza madhara tu, na katika vipimo vikubwa vya sindano inayosukumwa kwa haraka, furosemidi huweza kudhuru usikivu wa masikio.

Katika udhaifu wa moyo mambo mawili hutokea kwa pamoja: kisima huongezeka kina na ndoo hupungua ukubwa. Kizingiti hupanda, na upeo hushuka. Daktari hulazimika kutafuta kwanza kipimo kinachofika majini, kisha kukirudia zaidi ya mara moja kwa siku, kwa sababu kila mchoto huleta kidogo. Uamuzi huo huhitaji vipimo vya damu na uangalizi. Mgonjwa anayejiongezea vidonge mwenyewe huweza kupoteza potasiamu kiasi cha kuuvuruga mwendo wa moyo.

FIGO ZINAVYOJIBU

Hata dawa ikifika na kuvuka kizingiti, mapambano hayajaisha. Furosemidi iliyomezwa hufanya kazi kwa muda wa saa 6 hivi. Siku ina saa 24. Katika saa 18 zilizobaki, figo, zikiamini kwamba mwili umeporwa chumvi, hurudisha kila chembe ziwezayo kuipata. Uchunguzi uliofanywa kwa watu wenye afya na kuchapishwa mwaka 1983 ulilionyesha jambo hili waziwazi. Waliokula chumvi nyingi walifidia katika saa hizo 18 chumvi yote waliyoipoteza katika saa 6 za dawa, na mwisho wa siku hesabu ikawa sawa na sifuri. Waliokula chumvi kidogo sana hawakuwa na cha kufidia, na miili yao ikapungua chumvi kweli.

Mgonjwa wa namna ya kwanza hawezi kusema kwamba hakukojoa. Amekojoa asubuhi nzima, ameshuhudia mwenyewe, na nyumbani wameshuhudia. Lakini mizani haishuki.

Siku zikipita, figo hubadilika hata umbo. Kitanzi kilichozuiwa huachia sodiamu nyingi ipite kuelekea sehemu ya mbali ya mrija. Mwaka 1985, Brigitte Kaissling na wenzake walichapisha uchunguzi wa panya waliopewa furosemidi kwa muda mrefu. Seli za sehemu hiyo ya mbali zilikuwa zimenenepa, kama msuli wa mtu anayebeba mizigo kila siku. Kilichoachwa na kitanzi kiliokotwa mbele yake. Hapo dawa inafanya kazi yake kikamilifu mahali pake, lakini faida yake inapotea hatua chache baadaye.

SODIAMU ISIYOONEKANA NA DAWA ZA MAUMIVU

Wako pia wagonjwa ambao usugu wao si usugu wa kweli. Baadhi hawakuimeza dawa. Anayesafiri kwa basi kutwa nzima, anayekaa sokoni pasipo na choo karibu, au anayesimama mbele ya darasa, huacha kidonge siku hiyo kwa kuona haya, na mara nyingi hamwambii daktari. Kuuliza kwa upole ni kipimo cha kwanza na hakigharimu kitu. Pengine kubadili saa ya kumeza kidonge hutosha kuondoa tatizo.

Wengine wanameza dawa lakini pia wanameza vidonge vya maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni, vinavyopatikana kwa urahisi katika maduka ya dawa. Dawa hizi huzuia kutengenezwa kwa prostaglandini, ambazo husaidia kuipanua mishipa ya figo wakati damu ni kidogo. Huzishawishi figo kushika chumvi na huidhoofisha kazi ya furosemidi. Mzee mwenye moyo dhaifu na magoti yanayouma huweza kurudi hospitalini akiwa amevimba kwa sababu ya magoti, si kwa sababu ya moyo.

Halafu iko chumvi. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Mgonjwa huweza kuapa kwamba haongezi chumvi mezani, naye husema kweli. Lakini chumvi imo tayari katika ng'onda, katika dagaa waliotiwa chumvi kabla ya kuanikwa, katika achari, katika mkate na katika vipande vya kiungo cha mchuzi. Na iko sodiamu isiyo na ladha ya chumvi kabisa. Magadi yanayotiwa katika maharage, makande au mlenda ili yaive upesi na kulainika ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu. Mwanafunzi wa kemia akiandika fomyula yake ataiona sodiamu. Mpishi hawezi kuionja.

KUITAMBUA MAPEMA

Zamani madaktari walisubiri siku kadhaa kabla ya kuamua kwamba dawa haikufaa. Siku hizi hawalazimiki kusubiri hivyo. Mwaka 2019 wataalamu wa moyo wa Ulaya walipendekeza kwamba mgonjwa aliyelazwa apimwe sodiamu katika mkojo wake saa 2 baada ya kudungwa dawa, na kiasi cha mkojo kipimwe katika saa 6 za kwanza. Sodiamu ikiwa chini ya milimoli 50 hadi 70 kwa lita, au mkojo ukiwa chini ya mililita 100 hadi 150 kwa saa, dawa haijatosha, na kipimo kiongezwe bila kungoja kesho yake. Faida ya kupima sodiamu ni dhahiri kwa aliyefuata hesabu ya hapo juu: mkojo mwingi ulio kama maji matupu huondoa uzito kidogo wa kweli, kwa kuwa chumvi imebaki.

Nyumbani, chombo chenye faida kubwa kuliko vyote ni mizani. Mgonjwa hujipima kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya kula, akiwa na nguo nyepesi zile zile, na huandika namba hiyo katika daftari. Mwili haunenepi kilo 2 kwa siku tatu; ongezeko la haraka hivyo ni maji, na huonekana katika daftari kabla halijaonekana miguuni.

TIBA NA MAJARIBIO

Elimu ya mirija ndiyo iliyoonyesha njia za kutibu. Ikiwa sehemu ya mbali imenenepa na kuokota kila kinachopita, basi nayo izuiwe. Ndiyo sababu madaktari huongeza thiazidi au metolazoni juu ya furosemidi. Matokeo yake huweza kuwa makubwa, na hatari yake pia, kwa kuwa potasiamu na sodiamu ya damu huweza kuporomoka kwa siku chache. Aldosteroni nayo huzuiwa na spironolaktoni. Jaribio lililochapishwa mwaka 1999, lililowahusu wagonjwa 1,663 wenye udhaifu mkubwa wa moyo, lilionyesha kwamba kipimo kidogo cha dawa hiyo kilipunguza vifo kwa asilimia 30. Hata sehemu ya kwanza ya mrija imerudiwa: mwaka 2022, katika jaribio la wagonjwa 519 nchini Ubelgiji, kuongeza asetazolamidi kuliwafanya asilimia 42.2 waondokewe na dalili za kujaa maji katika siku tatu, wakati miongoni mwa wasioipata walikuwa asilimia 30.5.

Lakini si kila wazo zuri huthibitika. Kwa kuwa figo hulipiza katika saa zisizo na dawa, ilitarajiwa kwamba kudondosha furosemidi katika mshipa mfululizo kungeshinda kuidunga kwa vipindi. Jaribio la mwaka 2011 lenye wagonjwa 308 halikuona tofauti ya maana. Kwa kuwa torasemidi hufyonzwa na utumbo kwa uhakika zaidi kuliko furosemidi, ilitarajiwa iokoe maisha zaidi. Jaribio la mwaka 2023 lenye wagonjwa 2,859 lilikuta vifo vikiwa sawa. Na kwa kuwa maji ndiyo tatizo, ilidhaniwa kwamba kuyachuja kwa mashine kungekuwa bora kuliko dawa. Jaribio la mwaka 2012 lenye wagonjwa 188 lilionyesha kwamba uzito ulipungua sawasawa kwa njia zote mbili, lakini figo za waliochujwa kwa mashine zilizidi kudhoofika. Nadharia huonyesha mahali pa kutafuta. Jaribio ndilo huamua kilichopatikana.

Mgonjwa ambaye dawa ya kukojosha haimsaidii yumo katika hatari kubwa kuliko mwenzake ambaye inamsaidia, na hurudi hospitalini mara nyingi zaidi. Kwa hiyo si jambo dogo kuamua kwamba amekuwa sugu. Kabla ya uamuzi huo yapo maswali manne ambayo kila mwanafunzi aliyefuata safari hii anaweza kuyataja kwa utaratibu. Je, dawa imemezwa? Je, imefika ndani ya mrija? Je, kipimo kimevuka kizingiti? Na je, katika saa zile ambazo dawa imelala, mgonjwa amezipa figo chumvi kiasi gani cha kurudisha? Mara nyingi jibu hupatikana katika swali la kwanza au la mwisho, na yote mawili huulizwa bila mashine.